Somo la Kilimo: Maisha ya Chura Tangu Yai Hadi Ukubwani

Mvua za masika zinapojaza madimbwi ya Dimani na vijiji jirani vya Kibiti, sauti za vyura husikika usiku kucha. Wapigao kelele hizo ni madume, nao huwaita majike waje majini kutaga. Yafaa kila mwanachama afahamu yanayofuata baada ya hapo, kwa sababu chura mkubwa hula wadudu, na miongoni mwao wamo waharibifu wa mazao.

1. Yai
Kwa aina nyingi, jike hutaga mamia au maelfu ya mayai, na dume huyarutubisha yakiwa nje ya mwili. Yai la chura halina gamba kama la kuku. Limefunikwa na ute tu, hivyo hukauka upesi likikosa maji, na sumu iliyomo majini hulifikia kwa urahisi. Maji ya chumvi nayo hayalifai. Ndiyo maana vyura wa delta hutafuta madimbwi ya maji baridi, wala hawatagi mikokoni. Iko aina ya chura wa mitini atengenezaye povu jeupe kwenye matawi yaliyo juu ya dimbwi na kutaga humo. Watoto wakianguliwa hudondoka majini.

2. Kiluwiluwi
Baada ya siku chache yai huangua kiluwiluwi. Huyu ana kichwa cha mviringo na mkia, hana miguu, na hupumua kwa matamvua kama samaki. Chakula chake kikubwa ni utando wa kijani uotao juu ya majani na mawe ndani ya maji. Samaki, ndege na wadudu wa majini huwala wengi, hata kati ya mamia waliotagwa hubaki wachache.

3. Kugeuka umbo
Homoni itokayo katika tezi ya shingoni ndiyo iongozayo mageuzi. Miguu ya nyuma hutokeza kwanza, kisha ya mbele. Mapafu hushika kazi ya matamvua, mdomo hupanuka, na utumbo mrefu wa mla majani hufupika ukawa wa mla wadudu. Wako wadhanio kwamba mkia hukatika. Sivyo: mwili huuyeyusha polepole na kuutumia kama chakula. Kazi hii huchukua majuma kadhaa au miezi, kwa kadiri ya aina ya chura, joto na chakula.

Jina moja, viumbe wawili
Watoto wa mbu pia huitwa viluwiluwi, na hapo ndipo kosa huanzia. Kiluwiluwi wa mbu ni mwembamba, hujinyonganyonga, na wa mbu wengi hupanda juu kuvuta hewa. Wa chura ana kichwa kinene na huogelea kwa mkia. Anayemwaga mafuta machafu au sumu ya shambani dimbwini ili kuua mbu, huua pia walinzi wa shamba lake. Hasara hiyo haionekani siku ile. Huonekana msimu ufuatao, vyura wanapokuwa wachache na wadudu kuzidi.

Funzo la Kihansi
Jinsi chura anavyotegemea maji yaliyo salama, Watanzania walijifunza katika mto Kihansi, ambao maji yake huingia Kilombero na hatimaye Rufiji. Mwaka 1996 aligunduliwa huko chura mdogo wa ajabu: hatagi, bali huzaa watoto wenye umbo kamili. Aliishi penye manyunyu ya maporomoko tu. Maji mengi yalipopelekwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yalipungua, na ugonjwa wa kuvu ukafuata. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Alisalimika kwa kuwa mwaka 2000 baadhi yao walipelekwa Marekani kutunzwa. Mwaka 2010 wengine walirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu mwaka 2012 wamekuwa wakirudishwa Kihansi. Chura wa mpunga hana mlezi wa namna hiyo ng'ambo.

Wajibu wa chama
Katibu anayegawa viuatilifu vya korosho au mpunga na awakumbushe wanachama mambo matatu: bomba la kupulizia lisioshwe dimbwini wala mtoni, chupa tupu zisitupwe majini, na dawa isipulizwe karibu na madimbwi yenye mayai au viluwiluwi.

Maswali ya kujadili katika mkutano
1. Kwa nini yai la chura hudhurika upesi kuliko la kuku?
2. Mwanachama atatofautishaje kiluwiluwi wa chura na wa mbu?
3. Ni madimbwi gani ya kijiji yanayostahili kulindwa msimu huu, na nani atayaangalia?