Akili ni Amana



Mitihani ikikaribia, wapo hosteli za Kikoni na Wandegeya wanaokesha kwa chai, na wapo wanaokesha kwa mairungi. Baadhi yao hawakuanzia chuoni; walianza sekondari, wakiwa na miaka 15 au 16. Swali la darasa letu: je, dawa za kulevya ndizo huharibu akili, au akili iliyoumia ndiyo hukimbilia dawa?

Jibu ni yote mawili.

Kwanza, dawa huumiza akili. Ubongo huendelea kukomaa hadi kiasi cha miaka 25, na sehemu ya kupima matokeo na kujizuia ndiyo huchelewa zaidi. Bangi ikianzwa ujanani na kuvutwa mara kwa mara, huongeza hatari ya kusikia sauti zisizokuwepo na kushuku kila mtu, hasa kwa mwenye maradhi hayo katika ukoo. Mairungi yana kathinoni, kemikali ya jamii ya amfetamini: usiku huondoa usingizi, asubuhi huacha huzuni na hasira.

Pili, maumivu hutangulia dawa. Kijana aliyefiwa au anayedaiwa ada hutafuta utulivu wa saa chache. Ukiisha, maumivu hurudi yameongezeka.

Imamu al-Ghazali alitaja akili miongoni mwa mambo matano yanayolindwa na sharia, pamoja na dini, nafsi, kizazi na mali. Suratul Maida, aya ya 90 na 91, inakataza ulevi na kutaja madhara yake: uadui, chuki, na kuzuiliwa na dhikri na swala. Kuhusu mairungi wanazuoni wamekhitalifiana, lakini kujidhuru hakuna aliyekuhalalisha.

Hata hivyo, kuharamisha kitendo si kumtupa mtendaji. Ukimwona mwenzako ameacha jamaa, halali, anaongea peke yake, usikimbilie kusema ni majini, wala usimtangaze kwenye WhatsApp. Keti naye, msikilize, kisha msindikize kwa mshauri wa chuo au Hospitali ya Butabika, yenye kitengo cha walioathirika na pombe na dawa za kulevya. Msomee dua, na umpeleke kwa daktari, Mtume (s.a.w.) alituamrisha kutafuta tiba.

Maswali ya halaka:
1. Kwa nini mwenzetu huficha tatizo lake msikitini kuliko kwingine?
2. Nani kati yetu hajaonekana wiki hii, na nani atamtembelea?

Allah atuhifadhie akili zetu. Amin.