SOMO: JOTO LA KAZI NA UZAZI WA MWANAMUME



Somo hili ni la wanaume, lakini lisomwe na wake zetu pia. Linahusu jambo linalonong'onwa penye boila na tanuri: je, joto huua mbegu za mwanamume? Wako wanaosema, "Mimi kazi yangu ni moto, sina haja ya uzazi wa majira." Wako pia waliokosa mtoto, na lawama yote ametwikwa mke. Hawa wote wanahitaji kujua ukweli.

1. Mwili unavyofanya kazi

Joto la mwili wa mtu ni digrii 37 hivi. Korodani zimewekwa nje ya tumbo kwa sababu hutengeneza mbegu vizuri zikiwa na ubaridi wa digrii 2 hadi 4 chini ya hapo. Wakati wa baridi mfuko wake hujikunja na kupanda. Wakati wa joto hulegea na kushuka. Mbegu huchukua siku zaidi ya 70 kutengenezwa hadi kukamilika. Ndiyo maana joto la leo halionekani leo. Madhara yake hutokea baada ya majuma kadhaa, na kupona nako huchukua miezi.

2. Waliojaribu

Daktari Martha Voegeli wa Uswisi, aliyefanya kazi India tangu mwaka 1912, aliwakalisha wanaume wa kujitolea katika maji ya moto dakika 45 kila siku kwa majuma 3. Aliripoti kwamba walikaa miezi 6 hivi bila kuzalisha. Hayo yalikuwa majaribio ya zamani, bila vipimo vya siku hizi.

Katika miaka ya 1980, daktari Roger Mieusset na wenzake wa mji wa Toulouse, Ufaransa, walitumia chupi maalumu inayoinua korodani karibu na mwili kwa saa 15 kila siku. Joto lake likapanda digrii 2 hivi tu. Lakini angalieni: wanaume wale walipimwa mbegu kila mara, na njia hiyo haitegemewi mpaka mbegu zishuke chini ya milioni 1 kwa mililita. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linataja milioni 16 kuwa mpaka wa chini wa kawaida. Basi hata mtu ambaye mbegu zake zimepungua nusu bado anaweza kumpa mkewe mimba. Mwaka huo huo wa 2021, idara ya usalama wa dawa ya Ufaransa ilisimamisha uuzaji wa pete iliyofanya kazi kama chupi ile, mpaka usalama wake uthibitishwe.

3. Kazi zetu sisi

Tanuri la saruji huchoma mawe kwa digrii 1,450 hivi. Wenzetu wa Bugarama wanajua kusimama karibu yake ni nini. Wenzetu wa chai ya Shagasha wanajua joto la kukausha majani. Dereva wa lori naye hukaa kitini saa nyingi. Nchini Italia, watafiti walichunguza wafanyakazi wa matanuri ya vyombo vya udongo, wakatoa taarifa mwaka 1992: watu hao walipata shida zaidi ya kupata watoto kuliko wenzao wasiokaa penye moto.

Lakini joto la kazi halina kipimo. Leo una zamu, kesho umepumzika. Laweza kumchelewesha mtoto unayemtafuta, ila si kinga ya kutegemea. Hata maji ya moto ya Bugarama, ambayo watu wa Rusizi wameyaoga miaka mingi kutafuta nafuu ya mgongo, si uzazi wa majira. Anayeyategemea anacheza na afya ya mkewe.

Na aliyetafuta mtoto mwaka mzima bila kupata, aende kupimwa pamoja na mkewe. Amweleze daktari kazi anayofanya. Kumfukuza mke kabla ya mume kupimwa ni dhuluma.

4. Joto linalotumiwa hospitalini

Hapa Rwanda liko joto lenye kazi yake. Mwaka 2010 madaktari wetu walifundishwa na daktari Michel Labrecque wa Kanada namna ya kufunga mirija ya mbegu bila kisu. Tundu dogo hufunguliwa, mrija hukatwa, na ndani yake huunguzwa kwa ncha ndogo ya moto inayotumia betri. Kisha ngozi laini ya ndani huwekwa katikati ili mrija usijiunge tena. Mtu hutiwa ganzi, na hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Huku si kuhasiwa. Nguvu, sauti na tamaa hubaki. Lakini ni njia ya kudumu, kwa hiyo mume na mke wakubaliane kwanza kwamba watoto walionao wanatosha. Baada ya kufungwa, watumie kinga nyingine miezi 3, kisha mbegu zipimwe. Tena, haizuii UKIMWI.

5. Haki yetu

Sheria ya kazi Na. 66/2018 inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa mfanyakazi mahali pa kazi. Wajumbe wa wafanyakazi wadai mambo haya: hewa ipite, maji ya kunywa yawe karibu, watu wapokezane penye moto, na kuwe na kivuli cha kupumzikia. Mkiomba, ombeni kwa maandishi na mbaki na nakala.

Maswali ya kuzungumza katika tawi

1. Kwa nini joto la kazini si kinga ya mimba?
2. Ni nani kwenu hukaa penye moto zamu nzima bila kupokewa? Mjumbe aandike sehemu hizo.
3. Nani atamwalika muuguzi wa kituo cha afya aje kutufundisha kuboneza urubyaro, waume na wake pamoja?