Kilianguka Wapi?

Andiko la kusoma: 2 Wafalme 6:1–7

Wana wa manabii walikuwa wakikata miti kando ya Yordani. Mmoja wao alipokuwa akikata, chuma cha shoka kikachomoka na kuzama majini. Alilia kwa nini? Shoka lilikuwa la kuazima. Hakukusudia, lakini kitu cha mwenyewe kimepotea mikononi mwake.

Elisha hakuanza kumlaumu. Alimuuliza kilianguka wapi, na yule mtu akamwonyesha mahali. Muujiza ulikuja baada ya kuonyesha mahali. Tujifunze mambo matatu.

1. Ajali si dhambi, kuficha ndiyo dhambi
Uko supamaketi, chupa ya mafuta inakuponyoka, pwaa! Unaangalia kushoto, unaangalia kulia, unasukuma vipande chini ya rafu kwa mguu, unaenda zako. Nilisomea biashara, na nakuambia hasara haipotei, inabadilisha tu mwenyewe. Itambebea mwenye duka, ama yule kijana anayepanga rafu. Na mama anayekuja nyuma yako na mtoto mgongoni atateleza kwa mafuta uliyoyaacha.

2. Kutokusudia hakufuti deni
Soma Kutoka 22:6. Aliyewasha moto ukatoroka na kuchoma nafaka ya jirani, alipaswa kulipa. Katika Walawi 5:15–16, aliyekosa bila kukusudia katika vitu vitakatifu vya Bwana alilipa na kuongeza sehemu ya tano. Kitu cha shilingi 1,000, unatoa 1,200. Kwa hivyo usingoje kamera ikushike. Ita mhudumu, sema, "Samahani, nimevunja hii. Tufanyeje?" Kama huna pesa, sema huna, mpange kulipa kidogo kidogo.

3. Mwenye kitu naye ana sehemu yake
Mwezi wa Agosti 2024, mtoto wa miaka 4 alitembelea jumba la makumbusho la Hecht huko Haifa, Israeli. Karibu na mlango palikuwa na mtungi wa udongo wa miaka kama 3,500, wa kabla ya Daudi na Sulemani, umewekwa wazi bila kioo. Mtoto alitaka kujua kuna nini ndani, akauvuta, ukaanguka ukavunjika. Wenye jumba walijua kutofautisha ajali na makusudi. Walimwalika arudi na familia yake watembezwe, na mafundi wakaunganisha vile vipande.

Sasa wewe mwenye hoteli, mhudumu akiponyokwa na glasi unakata mshahara papo hapo? Sheria yetu ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inazungumzia hasara ya makusudi, tena kwa kiasi cha haki. Kama mtu akisema ukweli kwako anaumia, wote watajifunza kuficha, na wewe ndiye utakuwa umewafundisha.

Zoezi la wiki
Kuna mahali unapapita kwa kuzunguka kwa sababu ulivunja kitu na ukanyamaza? Duka, shule, gari la mtu ulilokwaruza, hata maikrofoni ya hapa kanisani? Rudi kabla ya Jumapili, uonyeshe mahali.

Tuombe
Baba, nipe ujasiri wa kusema "ni mimi," na moyo wa kumpokea anayeniambia hivyo. Katika jina la Yesu. Amina.