Banda la Kuku kwa Vitu Vilivyotupwa: Somo Kutoka Tarime na Serengeti



Mkarafuu hauzai kila mwezi. Mkulima huuza katika msimu, kisha hungoja. Na katika kungoja huko ndipo daftari la shule na dawa ya mtoto hudai fedha. Wakulima wenzetu wa Tarime, mkoa wa Mara, wanaijua shida hiyo, kwani wengi wao hulima kahawa, nayo pia hulipa kwa msimu. Huko, kama huku kwetu visiwani, kuku ndiye azibaye pengo lililo baina ya msimu na msimu, na mara nyingi kuku hao ni mali ya mama wa nyumba. Basi kuku kumi wakipotea usiku mmoja, si kitoweo tu kilichopotea. Ni akiba ya nyumba nzima.

Leo tutajifunza kujenga banda kwa gharama ndogo, tukizitazama wilaya mbili za Tarime na Serengeti. Tarime ni nchi ya milima, mpakani mwa Kenya, na usiku wake ni wa baridi. Serengeti, ambayo makao yake makuu ni Mugumu, ina vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1951. Ndani ya hifadhi hakuna ruhusa ya kukata miti. Lakini wanyama hawajui mpaka. Kanu, paka-mwitu na nyegere hutembea usiku, na nyoka hutafuta mayai. Mahali kama hapo, banda lazima liwe imara, na vifaa vyake lazima vitoke katika vitu vilivyokwisha tumika. Sisi tuna ngawa na panya, kwa hiyo somo ni letu pia.

VIFAA

Huko Mara hufaa milingoti ya mkonge, mabanzi ya mbao, nguzo za mikaratusi iliyopandwa, mabati makuukuu na nyasi. Hapa kwetu tunayo makuti, mbao za makasha, na matawi ya mikarafuu iliyokufa. Madebe matupu, vipande vya matairi na misumari iliyonyoshwa hupatikana pande zote mbili.

Lakini angalieni sana. Debe au pipa lililotiwa dawa ya kuulia wadudu au dawa ya kuogeshea ng'ombe lisitumiwe kabisa, hata likioshwa mara saba. Na mbao zilizotoka katika banda la zamani huficha utitiri na papasi ndani ya nyufa. Mbao hizo zimwagiwe maji yanayochemka, zianikwe juani, kisha zipakwe chokaa.

KUJENGA

1. Chagueni mahali pakavu, hatua kadha mbali na ukuta au mti, ili mnyama asipate pa kurukia. Upande mrefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, jua kali lisiingie ndani.

2. Simamisheni nguzo nne zenye kimo cha futi tatu kutoka ardhini hadi sakafu. Ncha zitakazofukiwa zichomwe moto kidogo ili mchwa asizipende. Hii ndiyo hekima ya ghala la nafaka la kienyeji, ambalo huinuliwa ili panya na unyevu wasilifikie.

3. Katika kila nguzo fungeni kipande cha debe kilichokunjwa kama faneli, mdomo wake ukitazama chini. Panya akipanda hukuta bati linaloteleza, hurudi.

4. Banda la futi tano kwa nne latosha kuku kumi au kumi na wawili wa kienyeji wanaolala ndani usiku na kushinda nje mchana. Msizidishe. Kuku wakisongamana huchafuliana hewa na kuambukizana maradhi.

5. Sakafu iwe ya fito zilizoachana kwa upana wa kidole, kinyesi kidondoke chini. Kizoeni kila juma, kwani ni mbolea nzuri kikisha kuoza. Pale penye vifaranga tandikeni gunia, miguu yao isinase.

6. Kuta zifungwe sehemu ya chini, na theluthi ya juu iachwe na fito zilizokaribiana, hewa ipite. Upande unakovuma upepo wa baridi ufungwe wote. Wavu mkuukuu wa samaki peke yake hautoshi: humzuia kuku asitoke, lakini haumzuii kanu asiingie.

7. Wekeni fito mbili nene za kulalia, kila kuku apate nafasi ya shubiri moja. Kiota kimoja chatosha majike watano.

8. Paa la bati lifunikwe nyasi au makuti, kwani bati tupu huwa tanuri mchana. Kipande cha tairi chafaa kuwa bawaba ya mlango. Komeo liwe la kukaza, na ngazi iondolewe kila magharibi. Ngazi iliyosahauliwa ni mlango wa mwizi.

FEDHA ILIYOBAKI

Sasa twafika kwenye shabaha ya somo hili. Banda humzuia kanu. Halimzuii mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka 1926 huko Java, na karibu na wakati huo katika mji wa Newcastle, Uingereza. Ukiingia kijijini waweza kufagia karibu kuku wote, wala hauna dawa ya kuuponya. Dawa yake ni chanjo, kabla haujafika.

Chanjo iitwayo I-2, ambayo hutengenezwa hapa Tanzania, hustahimili joto kuliko nyingine nyingi. Hata hivyo haipendi jua. Kuku hutiwa tone moja jichoni, mkubwa kwa mdogo, na hurudiwa kila miezi mitatu. Mwoneni bwana mifugo awaeleze taratibu.

Hapa ndipo banda linapolipa. Kuku anayelala mtini au kutangatanga jikoni hakamatiki, na asiyekamatika hachanjwi. Kuku walio bandani hushikwa alfajiri mmoja mmoja kabla ya kufunguliwa. Basi fedha tuliyookoa kwa kutumia banzi na debe tusiinunulie pambo, tuinunulie chanjo. Yule aliyejenga banda zuri la saruji akakosa chanjo, na yule aliyechanja akawaacha kuku nje, wote wawili wamefanya nusu ya kazi.

Na wahenga walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kuku aliyenunuliwa sokoni atengwe majuma mawili kabla ya kuchanganywa na wenzake.

MASUALA YA KUZUNGUMZA KATIKA TAWI

1. Ni vitu gani vilivyotupwa kijijini kwetu vinavyofaa banda, na vipi ni hatari?
2. Je, majirani kumi waweza kuchanga wakanunua chupa moja ya chanjo na kuchanja siku moja?
3. Nani nyumbani atapewa dhamana ya kuondoa ngazi?

Shime, wanachama. Msimu haujafika, na muda wa kujenga ni huu.