Ada ya Mtoto au Vyumba vya Kupangisha? Hesabu Zangu Hapa Mazimbu

Chuo Kikuu cha Sokoine kikikaribia kufungua, madalali wa Mazimbu hawalali. Wanafunzi waliokosa hosteli Kampasi ya Solomon Mahlangu wanasaka geto mitaani, na mzazi mwenye akiba kidogo anajiuliza: nilipe ada au nijenge vyumba? Mimi nasomesha na napangisha, kwa hiyo naandika ninachokijua.

Nianze na vyumba, maana ndiko watu wengi wanakojidanganya. Chukua mfano wa vyumba vinne, kila kimoja shilingi 50,000 kwa mwezi. Dalali atakutajia 2,400,000 kwa mwaka. Mbona likizo ndefu wapangaji wanarudi kwao? Hesabu miezi 10: ni 2,000,000. Toa cha dalali, rangi, vitasa, kunyonya choo, na kodi ya jengo ambayo tangu 2021 hukatwa kwenye LUKU. Ukibaki na 1,600,000, na ujenzi ulikula 24,000,000, hela yako itarudi baada ya miaka 15. Hapo kiwanja hujakigusa.

Na kiwanja usilipie kwa karatasi ya serikali ya mtaa peke yake. Nenda ofisi ya ardhi ya manispaa, uone mchoro wa mipango miji na jina la mmiliki. Muuzaji akiwa na mume au mke, naye asaini. Waulize majirani masika maji ya mto Ngerengere huishia wapi.

Elimu nayo ina vipindi vyake. Shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne tangu 2016, na kidato cha tano na sita tangu 2022. Sare, michango na nauli vipo, lakini hiyo ndiyo miaka ya kununua kiwanja na kufyatua tofali kidogo kidogo. Mzigo wenyewe ni chuo. Bodi ya Mikopo husaidia, ila kijana akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Ada unayoimudu leo inampunguzia miaka ya makato.

Mimi huwatazama pia waliotutangulia hapa. Baada ya maasi ya wanafunzi wa Soweto mwaka 1976, vijana wa Afrika Kusini walikimbilia uhamishoni, na chama chao cha ukombozi, ANC, kikawajengea shule kwenye shamba hili la zamani la mkonge lililotolewa na serikali yetu. Hawakuwa na nchi ya kurudi, wakatanguliza shule. Mwaka 1992 majengo yakakabidhiwa Tanzania, na watoto wetu wanasoma humo.

Kwa hiyo mtoto akipata chuo na boma lako limefika lenta, simamisha boma, lipa ada, kupaua kutafuata. Mtoto akiwa bado darasa la tatu, usikae na hela: mwaka huu huu tafuta kiwanja kilichopimwa, na ofisi ya ardhi uende mwenyewe, usimtume dalali.