Mdogo Wangu, Nakala Umeiweka Wapi?

Kaa hapa kidogo, mdogo wangu. Najua umetoka zamu ya usiku, miguu inawaka moto na basi la namba 11 limekuchelewesha. Sitakuweka sana. Nataka kukuuliza jambo moja tu: ile laptopu yako ikikataa kuwaka kesho asubuhi, utabaki na nini mkononi?

Nauliza kwa sababu wengi wenu hapa Perry Barr, Birmingham, mnanijia mkiwa mmeshalia. "Dada, jana ilikuwa nzima kabisa!" Ndiyo tabia yake, mpenzi. Diski za zamani zina visahani ndani vinavyozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake bila kugusa. Ukiiangusha ikiwa kazini, kichwa kinaweza kukwaruza kisahani, na kilichokwaruzwa ndiyo kimekwenda. Hizi mpya za SSD hazina kinachozunguka, watu wanaziamini mno, lakini nyingine hufa kimya bila hata mlio wa kukuonya.

Ukiisikia diski inagonga tiki, tiki, izime. Izime, nakuambia! Usiiwashe tena na tena kujaribu bahati, maana unazidi kuiumiza. Mafundi wa kufufua data wapo, lakini bei yao inaweza kufika mamia ya pauni, na mara nyingine wanakurudishia diski tupu. Pesa hiyo ni ada ya mtoto nyumbani. Majuto ni mjukuu, mdogo wangu, na mjukuu huyu ana gharama.

Sisi wa ugenini maisha yetu ni makaratasi. Hati za mshahara, P60, mkataba wa nyumba, tarehe ulizosafiri, tafsiri ya cheti cha ndoa. Hata kadi za ukaaji zimeondoka. Nyingi ziliisha muda tarehe 31 Desemba 2024, sasa ni eVisa, kila kitu kiko kwenye skrini. Nawe unajipa moyo kwamba serikali inakutunzia. Lakini hapo jirani, Handsworth, wapo wazee waliotoka Karibiani. Kizazi chao, kinachoitwa cha Windrush, kiliingia nchi hii kihalali, lakini mwaka 2010 Home Office, wizara ya mambo ya ndani, iliharibu kadi zao za kuwasili, kisha ikawadai wathibitishe wamekaa hapa miaka yote hiyo. Kashfa ilipolipuka mwaka 2018 kuna waliokuwa wameshapoteza kazi, walionyimwa matibabu, na waliofukuzwa nchini. Ushahidi wa maisha yako utunze mwenyewe.

Halafu kuna yale ambayo hayana hati. Tarehe 3 Agosti 2022, hapa hapa kwetu, Uwanja wa Alexander, Mkenya Ferdinand Omanyala alishinda mita 100 kwa sekunde 10.02. Kenya ilikuwa haijapata dhahabu ya mbio hizo fupi katika michezo ya Jumuiya ya Madola tangu Seraphino Antao wa Mombasa aliposhinda yadi 100 kule Perth mwaka 1962. Baadhi yenu mlikuwepo, mkapiga video hadi simu zikaisha chaji. Mbio zenyewe utazipata popote. Lakini mama yako aliyekuja kukutembelea, na kanga yake mabegani, akipiga vigelegele pembeni yako, huyo yuko kwenye laptopu yako peke yake. Akishaondoka duniani utaitafuta sauti ile, na sitakuwa na neno la kukufariji.

Basi fanya hivi. Wapiga picha wana kanuni ya tatu-mbili-moja, iliyoenezwa na Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu ukihesabu na ile ya asili, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumba. Nunua diski ya nje, nakili, kisha chomoa. Kuchomoa ndiko mnakosahau! Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta za hospitali za NHS, na virusi vya namna hiyo hufunga hata diski iliyoachwa imechomekwa. Wala usiiweke kwenye mkoba mmoja na laptopu. Mwizi atabeba vyote kwa mkono mmoja. Mpe dada yako wa Walsall akutunzie, lakini ifunge kwa nywila kwanza, maana mna pasipoti za watoto humo.

Mtandaoni pia weka. Google wanakupa GB 15 bure. Ila angalia: kama simu na akaunti zimeunganishwa, ukifuta picha huku inaweza kufutika na kule. Na akaunti usiyoigusa miaka miwili, Google wanaweza kuifuta yote.

Ukishanakili, fungua faili mbili tatu uone kama zinasomeka. Nakala isiyofunguka haikusaidii kitu. Najua umechoka, najua utasema wikendi. Wikendi hiyo nimeisikia mno.

Nawe ambaye imeshakufika, acha kujificha. Si mjinga wewe, wala si wa kwanza. Ingia kwenye akaunti yako ya HMRC, mamlaka ya kodi, utaona ajira na mishahara ya miaka ya karibuni. Muombe mwajiri hati zako. Kisha andika leo kwenye kundi la familia la WhatsApp: "Jamani, nani ana picha zetu?" Shangazi anazo nyingi kuliko unavyodhani. Zikishafika, zinakili siku hiyo hiyo, mara mbili, kabla hujalala.