SOMO: KUTANDIKA MAWE UANI WAKATI WA MVUA

Hapa Kivu mvua haingoji mtu amalize kazi yake. Wengine huchimba ua wote siku moja ili watandike mawe. Usiku mvua inanyesha, na asubuhi kuna ziwa mlangoni. Maji hayo yakikaa siku 7 mpaka 10, mayai ya mbu yamekwisha kuwa mbu, na mbu wa malaria wanaingia kwa watoto. Basi, fanyeni hivi:

1. Chimbeni kwanza mfereji wa kutoa maji. Yaende mbali na nyumba na kisima.

2. Chimbeni tu sehemu mtakayoweza kuijaza siku ile ile.

3. Fumbateni udongo mkononi. Maji yakitoka kati ya vidole, msiushindilie. Mawe yatazama baadaye. Ondoeni matope, ngojeni jua likaushe chini.

4. Wekeni mawe yaliyovunjwa-vunjwa, unene wa sentimeta 10. Shindilieni kidogo kidogo, si yote mara moja.

5. Kila meta 1 kutoka ukutani, ua ushuke sentimeta 2, maji yasirudi nyumbani.

6. Jioni funikeni kazi kwa turubai.

Tena, vaeni viatu. Minyoo ya safura hukaa katika udongo wenye unyevu uliochafuliwa na mavi ya watu, na huingia kwa ngozi ya miguu.

Maulizo: Kwa nini tunaanza na mfereji? Udongo uliolowa tunaujuaje?